Nani alimwonyesha Hans Meyer njia?

Swali limetoka kwa mwalimu wa Historia wa sekondari moja wilayani Rombo. Nalifupisha: "Nilikuwa nafundisha kwamba Hans Meyer ndiye mtu wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: 'Mwalimu, kama Mzungu alikuwa mgeni, nani alimwonyesha njia?' Mwenzake akadakia kwamba babu yake husema wa kwanza ni Mzee Lauwo wa Marangu. Darasa likacheka, nami nikabaki sina la kusema. Ukweli ni upi? Na kwa nini viongozi wetu wa mlimani hawamo vitabuni?"

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri, na hongera kwa kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu maswali yako ni mawili na kila moja lina ukorofi wake.

Nianze na lile la kilele. Tarehe 6 Oktoba 1889 waliosimama juu kabisa ya Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, walikuwa wawili, wamefungana kamba moja: Hans Meyer, mtoto wa tajiri wa uchapishaji kutoka Leipzig, na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg. Ndivyo Meyer alivyoandika mwenyewe, na mimi namwamini. Sababu zangu nitazitoa. Lakini mwanafunzi wako hakuuliza nani alisimama juu. Aliuliza nani alionyesha njia. Kwa swali hilo majina yapo, na mengine yako kwenye karatasi zilezile za Wazungu ambazo tunadhani zimetunyima kila kitu.

Turudi nyuma miaka arobaini kabla ya Meyer. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, nyuma ya Mombasa, akiongozwa na mtu wa misafara aliyeitwa Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei Rebmann aliona weupe juu ya mlima akadhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wake. Kiongozi akamjibu neno moja tu: baridi. Rebmann akaliandika "Beredi" kwenye shajara yake, kisha akaeleza kwamba yeye mwenyewe alitambua kuwa ni theluji. Tangu hapo vitabu vinasema Rebmann "aligundua" theluji ya Kilimanjaro. Mimi kila nikiisoma sehemu ile huwa natabasamu. Bwana Kheri alikwisha kuijua ile baridi. Alichokosa ni neno la Kizungu la kuiita. Na jibu lake lilikuwa sahihi kuliko la bingwa wa jiografia kule London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika na bado alibishana kwa miaka kwamba theluji haiwezi kuwepo hapa.

Wachagga nao hawakuwa wamekaa tu wakiutazama mlima. Rebmann alisimuliwa kwamba mtawala mmoja wa Machame, Rungua, aliwahi kutuma kundi la watu juu wakachunguze kile cheupe, kwa tamaa kwamba huenda ni fedha. Akarudi mmoja, jina lake Sabaya, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Hiyo ni safari ya utafiti, Mwalimu. Ina mfadhili, ina lengo, ina msafara, na ina ripoti iliyoletwa na mtu aliyenusurika. Ilichokosa ni mchapishaji.

Kwenye Rwenzori kisa kilijirudia kwa ladha nyingine. Henry Morton Stanley alipoandika jinsi alivyoiona theluji ya milima ile mwezi Mei 1888, alikiri kwamba aliyemwelekeza macho ni kijana mmoja, aliyemwambia kule kuna mlima unaosemekana umefunikwa na chumvi. Huku baridi, Machame fedha, kule chumvi. Kila mmoja alitumia neno alilokuwa nalo, na wote walikuwa wameuona mlima kabla ya mgeni kuinua kichwa. Huyo kijana hana jina kitabuni. Ni "kijana" tu.

Sasa kuna mtu mmoja ambaye ningependa umwandike ubaoni: Sadi bin Ahedi, mtu wa karibu na Gazi, kusini ya Mombasa. Mwaka 1870 mmisionari Thomas Wakefield alichapisha, katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, maelezo ya njia za misafara kutoka pwani kwenda bara. Humo kuna vituo, maji na makabila ya njiani. Kichwa chenyewe cha makala kinasema kwamba habari nyingi zimetolewa na Sadi. Jina lake limo kwenye kichwa cha habari! Baadaye Sadi huyohuyo aliongoza wageni waliokwenda upande wa Kilimanjaro, akiwamo Charles New, aliyefika kwenye mpaka wa theluji mwaka 1871, na Joseph Thomson mwaka 1883. Wageni hao walimlalamikia sana, na kwa hakika alikuwa mjanja. Alijua thamani ya kile alichokibeba kichwani. Lakini atakayekwambia kwamba majina ya viongozi hayakuandikwa kwa sababu hayakuwa yakijulikana, mwonyeshe Sadi. Yalijulikana. Mara chache yaliandikwa pia. Kisha waliofuata, walipokuwa wanafupisha vitabu vya wenzao, wakayafuta.

Hapa inafaa niseme "kiongozi" alikuwa nani zama zile, maana neno limebadilika. Ukisema kiongozi wa mlima leo, tunamfikiria kijana mwenye leseni, redio ya mkononi na kipimo cha oksijeni ya damu, anayetangulia wageni usiku wa kwenda kileleni. Zamani kazi ile ilikuwa imegawanyika. Kulikuwa na kirangozi, aliyetangulia msafara na bendera na kujua wapi kuna maji. Kulikuwa na mnyapara, msimamizi wa wapagazi, ambaye msafara mzima ulisimama au kuanguka kwa busara yake. Kulikuwa na mkalimani wa kuzungumza na mangi, yaani mtawala wa Wachagga, kupima zawadi, na kujua lini kunyamaza. Halafu, mkishafika kwa mangi, mangi ndiye aliyetoa watu wake wa kuwapitisha msituni: wawindaji na wachuma asali, waliojua wapi mti ulianguka na pango gani linakinga mvua. Wote hao ni viongozi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetakiwa kufika kileleni, na bila wao hakuna ambaye angefika hata kwenye ukingo wa msitu.

Ukilielewa hilo, safari ya 1889 inasomeka upya.

Meyer alishajaribu mara mbili. Mwaka 1887 alifika kwenye barafu akakwama. Mwaka 1888 alirudi na Oscar Baumann, wakakumbana na vita vya Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani. Walikamatwa, wakatiwa minyororo, wakaachiwa kwa fidia. Mwaka uliofuata akaja na Purtscheller, akapitia Mombasa na Taveta badala ya Pangani, kwa sababu pwani ya upande wetu ilikuwa bado inawaka. Akafika Marangu kwa Mangi Mareale.

Kilichowashinda waliotangulia kilikuwa zaidi tumbo kuliko miguu. Mtu anapanda siku tatu au nne, chakula kinakwisha, wapagazi wanatetemeka kwenye shuka za merikani, anageuka. Safari hii Meyer alipanga kambi kwa ngazi. Kambi kubwa ilikuwa Marangu, kambi ya kati juu ya msitu, na kambi ya juu ikawa kwenye mwinuko wa mita 4,330. Wapagazi walikuwa wakizunguka kati ya kambi hizo, wakipandisha chakula na kuni kila baada ya siku chache. Kwa mpango huo Meyer na Purtscheller waliweza kukaa siku kumi na sita kwenye mwinuko kati ya mita 4,000 na 6,000. Walijaribu Kibo tarehe 3 Oktoba wakafika ukingo wa kreta, wakarudi kambini kupumzika, wakapanda tena tarehe 6 wakamaliza. Kisha wakaenda kuhangaika na Mawenzi, kilele cha pili cha mlima. Mtu hawezi kurudi kambini kupumzika kama kambini hakuna moto.

Moto huo aliuwasha Mwini Amani.

Mwalimu, kama kuna jina moja nataka darasa lako litoke nalo, ni hili. Mwini Amani alikuwa mtu wa Pangani. Wapagazi wengine walipokuwa wakishuka na kupanda, yeye alibaki na Wazungu wawili kwenye ile kambi ya juu, siku baada ya siku, mahali ambapo maji huganda ndoo nzima usiku. Meyer anamtaja kwa jina kitabuni mwake, na anamsifu. Hana buti za barafu, hana koti la manyoya, na wenzake wote wako chini ya mawingu. Nimewahi kulala kwenye mwinuko unaokaribia huo nikiwa mwanafunzi wa chuo, nikibeba mizigo wakati wa likizo, na nilikuwa na jaketi mbili za mtumba. Usiku wa pili nilitaka kurudi kwa mama. Mwini Amani alikuwa mtu wa pwani, aliyezoea upepo wa kusi na mnazi.

Mtazame vizuri huyu mtu. "Mwini" lile nadhani ni Mwinyi, jina la heshima la waungwana wa mwambao. Meyer aliliandika kama alivyolisikia. Yaani tunaye mwungwana wa Pangani. Na Pangani mwaka 1889 ilikuwa kwenye hali gani? Mwezi Julai meli za Wajerumani ziliupiga mji kwa mizinga na askari wa Wissmann, kamanda wao, wakauteka. Oktoba, Mwini Amani yuko mita 4,330 juu ya bahari, anawapikia Wajerumani. Desemba, Abushiri ananyongwa palepale Pangani. Na huyo Meyer anayepikiwa ndiye aliyekuwa kwenye minyororo ya Abushiri mwaka mmoja tu kabla. Nimejaribu mara nyingi kuwaza mazungumzo ya hao watatu kuzunguka moto ule. Sijui kama walizungumza. Ila najua kwamba kilele kiliitwa Kaiser Wilhelm, na kwamba jiwe lililochukuliwa pale juu lilipelekwa kwa Kaiser.

Pangani yenyewe haipewi haki yake katika historia ya Kilimanjaro, niseme nikiwa hapa. Ulikuwa mji wa kuanzia misafara ya kwenda Uchaggani na Umasaini. Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani, ndiye aliyekuwa nguzo ya Thomson mwaka 1883 na 1884, na ya Teleki, mkabaila wa Hungaria, mwaka 1887 na 1888. Teleki alipandisha miguu kwenye Kilimanjaro na kwenye Mlima Kenya katika safari hiyohiyo. Bonde la Teleki kule Kenya limebaki na jina lake. Kimemeta aliyepoteza jicho moja kwa ndui na kujua soko la kila boma njiani hana hata mtaro.

Sasa nije kwa Mzee Lauwo, na hapa nitasema kwa adabu, kwa sababu ni mzee wa watu na familia ipo.

Yohani Kinyala Lauwo alikuwa kiongozi halisi wa mlima kwa miaka mingi sana. Hilo halina ubishi. Mwaka 1989, katika maadhimisho ya miaka mia moja ya Meyer kufika kileleni, alitambulishwa kuwa ndiye aliyemwongoza Meyer, akatunzwa, akapewa nyumba. Alifariki mwaka 1996. Mwaka wake wa kuzaliwa ukatajwa kuwa 1871, kwa hiyo angekuwa amefikisha takribani miaka 125. Mpe mwanafunzi wako hesabu hii: binadamu aliyeishi muda mrefu kuliko wote kwa ushahidi wa vyeti, Jeanne Calment wa Ufaransa, alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Halafu jina lenyewe: Yohani ni jina la ubatizo, na makanisa yalianza kushika mizizi upande ule wa mlima katika miaka ya 1890. Hilo pekee halimwondoi, maana mtu hubatizwa ukubwani. Ila linatuonya kwamba majina tuliyopewa mwaka 1989 yametoka katika kumbukumbu za baadaye. Hayakutoka kwenye daftari la Meyer.

Kitu kingine ni barafu. Leo ukienda na njia ya Marangu unapanda changarawe mpaka ukingoni. Barafu unaiona pembeni kama ukuta wa mbali. Mwaka 1889 Meyer na Purtscheller walipanda kwa kukata ngazi kwenye barafu kwa shoka, saa nyingi, Purtscheller akitangulia. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa mwaka 1912 imekwisha kuyeyuka. Kwa hiyo mtu wa leo, ambaye amewaona wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wakipita mbio na mizigo kichwani, anawaza kwamba kijana wa Marangu angeweza tu kuongozana nao mpaka juu. Kwenye mlima wa leo, ndiyo. Kwenye ule wa 1889, bila shoka, kamba na viatu vyenye njumu, hapana.

Je, Meyer angeweza kumficha? Alikuwa mtu wa zama zake na kitabu chake kina maneno ya dharau yanayochosha kusoma. Lakini mtu anayetaka kuwafuta Waafrika asingemsifu Mwini Amani kwa jina. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: inawezekana kabisa kwamba kijana Lauwo, au ndugu yake mkubwa, au mtu wa ukoo wake, aliteuliwa na Mangi Mareale kuwapitisha wageni msituni. Hiyo ndiyo kazi ya kiongozi niliyoieleza juu. Inawezekana pia kwamba aliongoza msafara wa baadaye, na kumbukumbu ikaupachika kwa Meyer kwa kuwa Meyer ndiye maarufu. Babu wa mwanafunzi wako anaposema Lauwo "alimpeleka Meyer", hadanganyi. Kwa Kiswahili cha misafara, aliyekupitisha msituni amekupeleka. Kosa linaingia pale tunapotafsiri "alimpeleka" kuwa "alifika naye kileleni".

Kinachoniudhi kidogo ni kwamba tulipotaka kumpata shujaa wetu mwaka 1989, tulimtafuta kileleni, kana kwamba kipimo cha Wazungu ndicho pekee. Tukampandisha juu mtu ambaye karatasi hazimpandishi, na tukamwacha kambini yule ambaye karatasi zinamtaja.

Swali lako la pili: kwa nini hawamo vitabuni? Wengi hujibu "ubaguzi", na ubaguzi upo, hauhitaji darubini. Lakini ukiishia hapo utashindwa kueleza mambo ya Ulaya kwenyewe. Kule Alps viongozi walikuwa Wazungu kama mabwana zao, na bado walifutwa.

Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote ya Alps, ilipandwa kwa mara ya kwanza tarehe 8 Agosti 1786 na watu wawili wa Chamonix: Jacques Balmat, mtafuta mawe ya kioo, na daktari wa mji, Michel-Gabriel Paccard. Mwandishi mmoja, Marc-Théodore Bourrit, ambaye mlima ulikuwa umemshinda, aliandika kwa namna iliyompa Balmat sifa na kumdidimiza Paccard. Zaidi ya miaka mia ikapita watu wakiamini hivyo. Sanamu ya mwaka 1887 pale Chamonix inamwonyesha Balmat akinyoosha kidole kuelekea kilele, pembeni yake mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, aliyepanda mwaka uliofuata, 1787. Paccard alingoja sanamu yake mpaka mwaka 1986. Na huyo de Saussure alipopanda, alikuwa na viongozi kumi na wanane. Mwombe mtu yeyote akutajie wanne.

Mwaka 1820 viongozi watatu walikufa kwenye maporomoko ya theluji huko Mont Blanc, wakiwa na mgeni aliyesisitiza kuendelea. Mwaka uliofuata wenzao wakaunda chama chao, kikaweka zamu na bei, na kipo mpaka leo. Naona hapo ndipo walipotuzidi sana. Ujasiri tulikuwa nao sawa, ila wao walikuwa na daftari. Kiongozi wa Alps alikuwa na kitabu chake kidogo ambamo kila mgeni aliandika ushuhuda. Mpagazi wa Zanzibar alikuwa na jina kwenye orodha ya mishahara, orodha ikabaki kwa bwana, na bwana akaenda nayo London.

Tazama Mlima Kenya. Mwaka 1899 Halford Mackinder aliondoka Nairobi na msafara wa watu wapatao 170: Wazungu sita, Waswahili 66, Wamasai wawili wa kuonyesha njia, na Wakikuyu 96. Hesabu hiyo ni yake. Wawili kati ya wale Wazungu walikuwa viongozi wa kukodiwa kutoka Courmayeur, Italia: César Ollier na Joseph Brocherel. Tarehe 13 Septemba Mackinder na hao wawili walifika Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo, mita 5,199, baada ya viongozi wale kuchonga ngazi kwenye barafu ngumu kiasi kwamba waliuita mto ule wa barafu Almasi. Ramani ikawakumbuka: mto mmoja wa barafu ukaitwa wa César na mwingine wa Joseph. Angalia lakini kwamba wamekumbukwa kwa majina ya kwanza, kama unavyomwita mtumishi, wakati bwana mwenzake Mackinder, Hausburg, amepewa jina la ukoo. Ngazi ya daraja inaonekana hata kwenye jiwe. Wale Waswahili 66 wako chini ya ngazi hiyo, hawamo kabisa. Vilele vilipewa majina ya Kimasai, Batian, Nelion na Lenana, ya ukoo wa Mbatian, laiboni, yaani kiongozi wa kidini wa Wamasai. Wamasai wawili waliouonyesha msafara njia hawakubahatika.

Himalaya ni hadithi ndefu, nitaigusa tu. Tarehe 7 Juni 1922 wapagazi saba walikufa kwenye maporomoko ya theluji huko Everest. Hakuna Mwingereza aliyekufa siku ile. Na mwaka 1953 Tenzing Norgay na Edmund Hillary walipofika juu, dunia nzima iliacha kila kitu ikauliza swali lile la mwanafunzi wako wa pili: nani alitangulia kukanyaga? Wenyewe walijibu kwamba walifika pamoja, mpaka Tenzing alipochoka kusumbuliwa, akasema Hillary alitangulia hatua chache. Walikuwa kwenye kamba moja.

Usidhani basi kwamba zama zile haikuwezekana kuwakumbuka watu. Ilipotakiwa, iliwezekana. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeongoza Burton, Speke, Stanley na Cameron, alipewa medali ya fedha na pensheni na ile jumuiya ya London. Waliobeba maiti ya Livingstone mpaka pwani walitengenezewa medali sitini, kila moja na jina lake. Jamii ya wasomi wa London ilijua kuandika majina ya Kiafrika ikipenda. Kwenye milima haikupenda, kwa sababu sarafu ya mlima ni neno "wa kwanza", na sarafu hiyo ikigawanywa kwa watu mia na sabini haimtajirishi mtu.

Sasa kuhusu mtihani, maana najua utarudi hapo. Mwanafunzi aandike Hans Meyer na Ludwig Purtscheller. Asimwache Purtscheller, mwongozo wa kusahihisha utamwacha, lakini ndiye aliyetangulia kwenye barafu, na kwa maana hiyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa Meyer kwa ile sehemu ya mwisho. Hata yeye amesahaulika, na alikuwa Mzungu mwenye ndevu na vyeti. Kisha, kama swali linaruhusu maelezo, aongeze sentensi moja ya Mangi Mareale na moja ya Mwini Amani wa Pangani. Msahihishaji akikata, nitumie karatasi hiyo.

Na kwa darasa lako, wewe uko Rombo. Una bahati kuliko mimi. Wape kazi ya likizo. Kila mtoto aulize nyumbani nani katika ukoo aliwahi kubeba mzigo mlimani, kwa njia ipi, alilipwa nini, na alivaa nini miguuni. Waandike jina lote, la nyumbani na la ubatizo, na jina la mgeni kama linakumbukwa. Ukipata majibu yenye tarehe kabla ya mwaka 1930, niandikie mara moja, nitapanda basi kuja.